Pikapu ikirudi nyuma ikabomoa kibanda: namna ya kudai fidia ya uzembe

Kesi nyingi za fidia huanguka ilhali mdai aliumia kweli na mashahidi wapo. Aliyeshtakiwa siye mwenye gari, au risiti ni vipande vya daftari visivyo na jina, au muda wa kisheria uliisha juzi. Mwongozo huu, kwa sheria za Kenya, unafuata mkasa mmoja wa kubuni kuanzia siku ya tukio hadi hukumu.

Mkasa wenyewe: saa kumi na mbili unusu jioni, pikapu ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi inarudi nyuma kando ya soko la Kibuye, Kisumu. Taa ya nyuma imekufa na hakuna utingo wa kumwelekeza dereva. Inaingia kwenye kibanda cha mama mboga, inaponda kreti 4 za nyanya, na mama anateguka kifundo cha mguu.

Hatua ya 1: Siku hiyo hiyo, kabla nyanya hazijafagiliwa

Piga picha tatu za maana: nambari ya gari likiwa palepale liliposimama, stika ya bima kwenye kioo cha mbele (isomeke jina la kampuni na nambari ya bima), na kibanda kwa mbali ili ukingo wa barabara uonekane. Hiyo ya tatu wengi huisahau, na ndiyo itakayogombaniwa baadaye. Chukua nambari za simu za mashahidi wawili ambao si jamaa zako.

Ripoti kituo cha polisi, uandikishiwe OB (kitabu cha matukio), kisha ufuatilie abstrakti, yaani hati ya polisi ya ajali. Nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu ni ya kuvumilika. Kadi ya matibabu ya siku 9 baadaye humpa wakili wa upande wa pili nafasi ya kusema uliteguka kwingine.

Abstrakti huthibitisha kwamba ajali iliripotiwa na gari fulani lilihusika. Nani wa kulaumiwa ni swali jingine, na mara nyingi sehemu hiyo huandikwa tu kwamba uchunguzi unaendelea. Usiende kortini ukiiegemea peke yake.

Katika siku hizi za kwanza pia ndipo dereva hutoa elfu tano na karatasi ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa kwamba umeyamaliza madai yote, ukitia sahihi huenda umeuza kesi nzima kwa hizo elfu tano. Pokea pesa ukitaka, lakini iandikwe kuwa ni za matibabu ya mwanzo tu.

Hatua ya 2: Pima nguzo nne

Sheria ya daawa, yaani ya makosa ambayo aliyeumizwa humdai mkosaji fidia, ni pana: kuna kashfa, kero, kuingilia ardhi ya mtu. Uzembe ndio unaojaza mahakama zetu, nao unasimama kwa nguzo nne. Moja ikikosekana, kesi haipo.

Wajibu wa uangalifu. Kanuni hii ilipata umbo lake mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyotoka Paisley, Uskoti. Mama mmoja alidai kuwa alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki, kisha masalia ya konokono yakatoka chupani. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji, lakini majaji walikubali kwamba mtengenezaji huwa na wajibu kwa mtu ambaye ni dhahiri angeweza kuumizwa na bidhaa yake. Huku kwetu kanuni hizo huingia kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Dereva ana wajibu kwa kila anayetumia barabara na ukingo wake, kwa hivyo nguzo hii haina ubishi katika mkasa wetu.

Ukiukaji. Uliza: dereva wa kawaida, mwenye akili timamu, angefanyaje? Angerudi nyuma giza likiingia, sokoni, bila taa wala mtu wa kumwelekeza? Andika makosa yake moja moja. "Aliendesha vibaya" haisaidii. "Alirudi nyuma bila taa na bila kuhakikisha nyuma pako wazi" inasaidia. Yako mambo yanayojieleza yenyewe, kama kreti kuanguka kutoka ghorofani, ambapo mdaiwa ndiye huachiwa kazi ya kueleza.

Usababishi. Kama si pikapu, mguu ungeteguka? Jibu hapa ni rahisi. Huwa gumu pale mama anapokuwa na maumivu ya zamani ya mguu huo huo. Hapo daktari lazima atenganishe jipya na la kale ndani ya ripoti yake. Mdaiwa humchukua aliyeumia jinsi alivyomkuta, hivyo udhaifu wa awali haumwokoi, lakini pia halipi ugonjwa ambao hakuuleta.

Hasara. Gari likikukosa kwa inchi moja ukabaki unatetemeka tu, usijisumbue.

Kipimo cha ushahidi ni uwezekano ulio mkubwa zaidi, chini ya kile cha jinai. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai. Dereva akishtakiwa kwa kosa la trafiki, faini yake huenda kwa Serikali, wewe hupati kitu. Lakini akitiwa hatiani, chukua nakala iliyoidhinishwa ya mwenendo wa kesi hiyo. Ni silaha nzuri.

Hatua ya 3: Tafuta mtu sahihi wa kushtaki

Dereva hana pesa. Mwenye duka anazo. Mwajiri hubeba dhima ya uzembe wa mfanyakazi wake ikiwa alikuwa kazini wakati huo. Kama dereva aliichukua pikapu bila ruhusa kwenda kwenye disko, mwajiri ana njia ya kuchomoka. Ndiyo maana ni muhimu shahidi aseme kwamba gari lilikuwa limebeba saruji. Shtaki wote wawili.

Jina la mwenye gari lisitoke midomoni mwa watu. Toa rekodi ya umiliki kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari. Aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mwenyewe hadi athibitishe vingine, na magari mengi Nakuru na Kisumu huuzwa bila kubadilishwa jina.

Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake hufuata njia tofauti, ile ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Anaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai hupelekwa ndani ya miezi 12. Na kama aliyegongwa alifariki, jamaa wachukue kwanza kibali cha usimamizi wa mirathi, hata cha muda mfupi cha kufungulia kesi tu. Kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya marehemu bila kibali huwa imekufa kabla ya kusikizwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa mafungu mawili

Fungu la kwanza ni hasara mahususi, yaani pesa zilizokwisha kutoka mfukoni. Kila shilingi itajwe kwenye dai na iwe na karatasi yake. Usipoitaja, hakimu hakupi hata ukiwa na risiti.

Nyanya kreti 4 kwa 6,000: 24,000
Mbao, mabati na fundi: 17,500
Matibabu na eksirei: 6,800
Ripoti ya daktari: 5,000
Jumla: shilingi 53,300

Mapato ya siku ambazo hakuuza nayo huingia fungu hili. Wengi huyapoteza kwa kusema "nilikuwa napata kama elfu mbili hivi". Chapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi 3 kabla ya ajali, na daftari la mauzo kama lipo.

Fungu la pili ni fidia ya jumla, ya maumivu na mateso. Haina risiti. Hakimu huangalia kesi zilizopita zenye majeraha yanayofanana, kwa hivyo tafuta hukumu mbili tatu za karibuni kwenye tovuti ya Kenya Law, inayosomwa bure. Tuseme apewe 120,000. Jumla inafika 173,300.

Sasa rudi kwenye ile picha ya tatu. Kama kibanda kilikuwa kimeingia barabarani, hakimu anaweza kusema mama alichangia ajali kwa asilimia 20. Zinakatwa 34,660, zinabaki 138,640. Heri uijue hesabu hii mapema, maana ukiletewa 130,000 za maelewano utajua kwamba si matusi.

Hatua ya 5: Angalia kalenda

Uzembe: miaka 3 tangu siku ya tukio. Kashfa: miezi 12. Ukiidai Serikali au mamlaka ya mtaa: mwaka 1 tu. Mtaro ulioachwa wazi na kaunti uhesabu kwa huo mwaka 1, usibahatishe.

Hatua ya 6: Barua ya madai

Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, mahali, kosa, hasara, siku 14 za kujibu. Ipeleke kwa dereva, mwenye gari na kampuni ya bima. Ukifungua kesi bila kuiandika, unaweza kushinda na bado ukanyimwa gharama.

Hatua ya 7: Mahakamani

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linafaa Mahakama ya Madai Madogo. Kisumu na Nakuru zipo. Sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 60, na kanuni za ushahidi hazibani sana. Kasi hiyo ina bei yake: rufaa ni kwa hoja za kisheria pekee, kwa hivyo shahidi uliyemwacha nyumbani hutampata tena. Kashfa haisikizwi huko. Kiasi kikubwa zaidi huenda kwa hakimu, hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu.

Kabla ya kufungua, ipe kampuni ya bima notisi ya maandishi kwamba unafungua kesi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipoifanya kwa wakati, kampuni inaweza kukataa kulipa hukumu. Tena bima ambayo Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inalazimisha ni ya majeraha na vifo, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu. Nyanya na mabati hazimo, isipokuwa mwenye gari alinunua bima pana zaidi. Kwa hizo 41,500 huenda ukamfuata mwenye duka mwenyewe, kwa hivyo tangu mwanzo jua duka lake liko wapi na lina nini ndani.