Somo: Kukaza misuli ya ndani kabisa ya tumbo

Wiki hii nimeulizwa tena jinsi ya kuikaza, basi naliandika somo hili mara moja. Misuli hii imelala chini ya ile inayoonekana, imezunguka kiuno kama mshipi mpana na kuusaidia uti wa mgongo usiyumbe.

1. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni.

2. Shika mifupa ya nyonga inayochomoza mbele, sogeza vidole ndani kama sentimita 2, kohoa kidogo. Hapo panapogutuka ndipo.

3. Toa pumzi, kisha vuta tumbo la chini ndani polepole, kama unayefunga zipu ya suruali inayobana. Hapa ndipo nilipoharibu. Miezi miwili nilivuta kwa nguvu zote huku nimebana pumzi, tumbo gumu kama ubao, nikadhani nimeweza; mgongo ukazidi kuuma. Tumia nguvu kidogo tu. Vidole visikie ugumu unaokuja taratibu. Vikisukumwa nje, umekosea. Hesabu kwa sauti hadi 10. Ukishindwa, umebana pumzi, legeza uanze upya. Mwenye shinikizo la damu awe mwangalifu zaidi hapa.

4. Sekunde 10, mara 10.

5. Ukiwa umekaza, telezesha kisigino kimoja mbele, kiuno kisinyanyuke. Badilisha.

6. Piga magoti, viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja. Badilisha.

Swali: Kitambi kitaisha baada ya siku ngapi?
Jibu: Sijaandika kitambi popote. Zoezi la tumbo haliyeyushi mafuta ya tumbo.

Swali: Planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) nakaa dakika 3. Nianzie hatua ya 6?
Jibu: Anzia ya 2.
Swali: Lakini nina nguvu.
Jibu: Nami nilikuwa nazo. Soma hatua ya 3.

Swali: Nilijifungua miezi minne iliyopita. Nikiinua kichwa nikiwa chali, katikati ya tumbo panatokea tuta. Nifanye au niache?
Jibu: Hongera dada, na umefanya vizuri kujichunguza. Huenda misuli ya mbele iliachana wakati wa ujauzito na utando wa katikati bado umelegea. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akupime. Kwa sasa acha planki na chochote kinacholeta tuta. Akikuruhusu, kwenye hatua ya 3 anza kwa kukaza kama anayezuia mkojo, ndipo uvute tumbo. Misuli ya kuzuia mkojo na hii ya tumbo hufanya kazi pamoja.

Mchango: Mimi sikuipata mpaka nilipopuliza pumzi taratibu kama napoza kitu cha moto. Ikajikaza yenyewe.
Jibu: Nimejaribu sasa hivi, kweli kabisa! Nawe jaribu kuikaza kabla ya kupiga chafya, mgongo hautashtuka sana.