Pumzi ya kulenga shabaha, kwa wapiga picha za karibu

Jeshi lilinifunza kulala kifudifudi na kusubiri, na sasa nimestaafu, hilo linanipa picha nzuri kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Ukitaka kaa wa mikoko kwa karibu, nenda Tudor, Mombasa, maji yakipwa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tandika gunia, lala, viwiko chini. Kaa wakikuona watakimbilia mashimoni. Usihangaike. Tulia dakika kumi hivi bila kutikisa hata kidole, watachomoza mmoja mmoja. Dume atapunga lile gando lake kubwa, na lile dogo linachota matope na kupeleka mdomoni, chota, peleka, chota, peleka. Kimya kile hunikumbusha wenzangu wa lindo la usiku. Wengine hawapo tena, Mungu awarehemu.

Sasa pumzi. Toa hewa polepole, na kabla hujavuta nyingine kuna kituo kifupi mwili unapotulia wenyewe. Hapo ndipo unapobonyeza, taratibu, vilevile tulivyofunzwa kufyatua bunduki. Ukikurupuka, picha imetikisika.

Kwa ukaribu huo kinachoonekana wazi ni milimita chache tu. Weka fokasi kwa mkono, kisha sogeza mwili mbele na nyuma kidogo sana hadi macho ya kaa yakolee. Mimi huanzia tundu la lenzi f/11, kasi ya shata 1/200 ya sekunde.

Ukifika nyumbani, pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu siku ileile. Chumvi ya pwani haingoji kesho.