SOMO: Bima ya gari Texas, elewa 30/60/25 kabla ya kutafuta bei nafuu

Ndugu zangu wa Houston, Fort Worth na Abilene, wengi wetu tukifika kwa wakala tunauliza jambo moja tu: ya chini kabisa ni ngapi? Tuanze na hili: ukigonga mtu, nani atalipa?

Hatua ya 1: Soma tarakimu tatu. Texas inamtaka dereva awe na bima ya kuwalipa wengine, ile ambayo nyumbani tunaiita bima ndogo, isiyopungua 30/60/25. Yaani dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali uliyoharibu. Gari lako halimo. Matibabu yako hayamo. Hospitali ikimtoza majeruhi 45,000, kampuni inaishia 30,000, na zile 15,000 unaweza kudaiwa wewe. Magari mengi mapya barabarani yana thamani kubwa kuliko 25,000. North Carolina ilipandisha kiwango chake hadi 50/100/50 Julai 2025, kwa hiyo ukihama jimbo, uliza upya.

Hatua ya 2: Usisaini kukataa bila kusoma. Kampuni za Texas zinalazimika kukupa kinga mbili: ya matibabu yako na abiria wako, hata kama kosa ni lako (kuanzia dola 2,500), na ya kugongwa na dereva asiye na bima. Usipozitaka, lazima ukatae kwa maandishi. Karatasi hiyo hupita upesi katikati ya nyingine. Kinga hii ya pili mimi siiachi.

Hatua ya 3: Sasa punguza. Chukua bei za kampuni tatu au zaidi kwa viwango vilevile, la sivyo hujalinganisha kitu. Pandisha kiasi unachojilipia mwenyewe gari likiharibika, tuseme kutoka 500 hadi 1,000, lakini tu kama hiyo elfu unayo benki. Kwa gari chakavu lisilo na mkopo, bima kubwa, ile ya kulipia gari lako lenyewe, huenda isiwe na faida kwako. Likiwa na mkopo, mkopeshaji ataidai. Uliza punguzo la kozi ya udereva wa kujihami, la mwanafunzi mwenye alama nzuri, la kulipa miezi sita kwa mkupuo. Texas inaruhusu historia yako ya mikopo itumike kupanga bei, basi lipa bili kwa wakati. Na bima isikatike: faini ya kosa la kwanza ni dola 175 hadi 350, na kampuni inayofuata huenda ikakutoza zaidi.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mpwa wangu anaishi kwangu na anaendesha gari langu. Nimtaje?*
Mtaje, dada. Ada itapanda, hasa akiwa kijana, lakini ukimficha kampuni inaweza kugoma kulipa siku ya ajali.

*Napeleka vyakula jioni kwa gari langu. Bima yangu inatosha?*
Mara nyingi hapana. Bima ya kawaida ya binafsi huondoa kazi ya kupeleka mizigo kwa malipo. Mwambie wakala akuongezee kinga ya kazi hiyo, na akuonyeshe ilipoandikwa.

*Kampuni imekataa madai yangu na Kiingereza changu ni kidogo.*
Dai sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Idara ya Bima ya Texas. Ni bure. Ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya kueleza lolote.