Mambo ya kuzingatia kabla ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, kwa mtu wa Dar

Barua ya miadi ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ikiandika 08:40, hiyo ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Ukiisoma haraka haraka kama saa nane na dakika arobaini mchana, utafika umeoga na kunyoosha nguo vizuri, lakini umechelewa saa sita. Kwa hiyo kabla ya msamiati na kabla ya matamshi, chukua kalamu, andika muda huo kwa Kiswahili juu ya barua yenyewe, kisha mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Tarehe nayo iangalie vizuri, maana mazungumzo yanaweza kupangwa siku ileile ya kusikiliza, kusoma na kuandika, au hadi wiki moja kabla au baada yake.

Saa hiyohiyo huponyoka hata mdomoni. Mtahini anauliza unaamka saa ngapi, unajibu "at eleven" huku akili iko kwenye saa kumi na moja alfajiri. Yeye anasikia saa tano asubuhi. Ukiendelea kumweleza kwamba unawahi daladala kukiwa bado giza, maelezo hayashikani tena, ingawa kila sentensi ilikuwa safi kisarufi. Zoea kutaja saa kwa Kiingereza wiki nzima kabla, hata kama ni kimoyomoyo kila unapotazama simu.

Mtahiniwa wa kawaida wa Dar hana njaa ya Kiingereza kichwani. Sekondari yote amesoma kwa lugha hiyo, ameandika insha, amejaza nafasi zilizoachwa wazi mpaka kidole kikaota sugu. Tatizo ni kwamba mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika, na akitoka nje ya geti la shule maisha yote ni Kiswahili: sokoni, ofisini, kwenye mwendokasi, msibani. Kichwa kimeshiba, kinywa hakijafanya kazi. Kununua kitabu cha tatu cha sarufi wiki mbili kabla ya mtihani ni kuupakulia tena upande ulioshiba.

Kinywa hufundishwa kwa kusema. Tenga dakika 20 kila siku kwa wiki sita, na usizikusanye zote Jumapili, maana ulimi hausahau kwa wiki bali kwa siku. Jirekodi kwa simu ukijibu swali moja, kisha sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza hesabu "eeh", "yaani" na "kwa hiyo" zilizojipenyeza katikati ya Kiingereza. Mara ya pili sikiliza sarufi peke yake. Wengi hawapendi kujisikia sauti na huishia kurekodi tu bila kusikiliza. Hapo zoezi linakuwa nusu. Kama una mwenzako anayejiandaa, tumianeni ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kila mmoja aulize la kwake.

Ujue pia unapimwa nini. Mazungumzo yote huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini mmoja, na katika baadhi ya vituo kwa njia ya video. Muundo wa sehemu tatu unaotumika ulianza 2001, na ni uleule kwa wanaofanya Academic, aina ya wanaokwenda chuo kikuu, na wanaofanya General Training, ya wanaokwenda kazini au kuhamia. Alama hutoka katika vipengele vinne: ufasaha na mtiririko wa maelezo, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Kila kimoja ni robo. Kwa hiyo anayekesha na sarufi tu anashughulikia robo moja ya kazi. Na ukiwa muuguzi unayetaka kusajiliwa Uingereza, hii sehemu ya kuzungumza unatakiwa upate 7.0 kwenye kipimo kinachoishia 9, wakati kuandika wanakubali 6.5. Wanaohitaji mtihani kwa ajili ya viza ya Uingereza wasome masharti kabla ya kulipa, kwani huenda wakatakiwa wajiandikishe ule unaoitwa IELTS for UKVI, yaani wa idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Ukifanya wa kawaida, alama inaweza kuwa nzuri na isikusaidie.

Kwenye matamshi kuna imani moja ya kuiacha mapema: kubana pua. Lafudhi ya Kitanzania haipunguzi alama. Kinachopimwa ni kama msikilizaji anakuelewa bila kukaza sikio, na anayeigiza Mmarekani huiacha lafudhi hiyo dakika ya tatu akianza kufikiria jibu, akabaki na sauti mbili ndani ya jibu moja. Shida zetu halisi ni nyingine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza hakina adabu hiyo: "hotel" hukazwa mwishoni, "comfortable" mwanzoni, "photograph" mwanzoni lakini "photography" kwenye silabi ya pili. Kila unapojifunza neno jipya, lipigie mstari chini ya silabi inayokazwa, la sivyo umejifunza nusu ya neno.

Shida ya pili ni vokali. Sisi tunazo tano, wao wanazo nyingi zaidi, ndiyo maana "cat", "cut" na "cart" zote hututoka sauti moja. "I live in Tabata" ikivutwa kidogo inakuwa unaondoka. Ya tatu ni kuongeza vokali mwishoni, "booku", "marketi", kwa sababu kinywa chetu hakijazoea kufunga neno kwa konsonanti. Ongezeko hilo huficha pia alama ya wakati uliopita na ya wingi, na mtahini hawezi kukupa alama ya kitu asichokisikia. Kuna faida moja tuliyo nayo na hatuijui: "thelathini" na "dhahabu" zimeshatufundisha sauti ambazo wanafunzi wa nchi nyingi huzihangaikia miaka. Anayesema "selasini" nyumbani, na anayechanganya r na l, aanzie kurekebisha kwenye Kiswahili chake, Kiingereza kitafuata.

Sarufi inavuja kutoka kwenye Kiswahili kwa njia zinazojulikana, na ndizo za kuziba kwanza. Kiambishi a- hakina jinsia, basi mama anaanza kama "she" na sentensi ya tatu amekuwa "he". Kiambishi -ni cha "mezani", "nyumbani" na "sokoni" kinabeba "in", "at", "on" na "to" peke yake. Kuazima ni kutoa na ni kuchukua, kumbe wao wana "lend" na "borrow". Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Kwa Kiingereza sikio halifanyi kazi zote hizo. Na kwa kuwa tunasema "nimekuja jana" bila wasiwasi, hutoka "I have come yesterday". Ukikosea na ukajisikia, jirekebishe mara moja kwa ufupi, kisha endelea. Hilo si kosa. Kinachovuruga mtiririko ni kurudi nyuma kila sentensi.

Sehemu ya kwanza, dakika 4 hadi 5, ni maswali ya mambo yako: unakaa wapi, unafanya kazi au unasoma, kisha mada nyepesi kama chakula au hali ya hewa. Hapa malezi mema hutuponza. Tumefundishwa kumjibu mkubwa kwa ufupi, macho chini, na anayerefusha maneno huonekana ana kiburi. Ndani ya chumba kile, "Yes, I like it" halafu kimya ni kumnyima mtahini cha kupima. Sentensi mbili hadi tatu zinatosha: jibu, sababu, na mfano mmoja mdogo. Usipolisikia swali, omba arudie, hakuna adhabu. Katika sehemu hii anafuata maswali yaliyoandikwa, kwa hiyo usitarajie akueleze swali kwa kirefu.

Sehemu ya pili ndiyo inayoangusha watu, na ndiyo inayofundishika kirahisi kuliko zote. Unapewa kadi yenye mada na vipengele vichache, karatasi na penseli, na dakika 1 ya kujiandaa. Kisha unazungumza peke yako dakika 1 hadi 2. Kosa la kwanza hufanyika kwenye ile dakika moja: mtu anaandika sentensi nzima. Dakika inaisha ana sentensi mbili, anazisoma, na kwenye sekunde ya arobaini amekauka.

Tuseme kadi inataka ueleze mahali penye watu wengi ulipowahi kwenda. Chagua Feri, soko la samaki, kama umefika huko. Kwenye karatasi andika maneno saba tu, moja chini ya jingine: dawn, aunt, boats, auction, octopus, crows, why. Kila neno likikupa sekunde 15, hiyo ni dakika moja na sekunde 45. "Dawn" inakupa saa, giza na unyevu wa asubuhi. "Aunt" inakupa mtu, na nafasi ya kusema "she" kwa usahihi. "Auction" ndiyo nyama ya hadithi: mnadi anavyopaza sauti, bei inavyopanda, pweza anavyoinuliwa juu watu wamwone. Kunguru wanaonyakua samaki wanakupa kicheko. "Why" iweke mwisho, kwa sababu karibu kila kadi huishia kwa kukutaka ueleze sababu, na ndipo sentensi ndefu zenye "although" na "because" hupata mahali pa kukaa.

Kosa la pili ni kuchagua mada ya fahari badala ya mada unayoijua. Mtu anasimulia Serengeti ambayo hajawahi kufika, na baada ya simba na nyumbu hana la kusema. Hakuna atakayekagua ukweli wa hadithi yako, lakini kutunga na kutafsiri kwa wakati mmoja ni mzigo mzito kwa ubongo. Mtahini akikukatisha kwenye dakika ya pili, usifadhaike. Muda umeisha tu, na kukatishwa ni dalili kwamba ulikuwa na maneno ya kutosha. Saa ya mkononi hairuhusiwi ndani, basi fanya mazoezi na kengele ya simu mpaka mwili wenyewe ujue dakika mbili ni ndefu kiasi gani.

Sehemu ya tatu, dakika 4 hadi 5 tena, inatoka kwako na kwenda kwenye jamii. Kadi ilikuwa soko. Sasa utaulizwa kwa nini masoko ya wazi yanabaki wakati maduka makubwa yanaongezeka, au miji itabadilikaje. Hapa mtahini ana uhuru zaidi na anaweza kulieleza swali upya, kwa hiyo muulize ulichoelewa kama ndicho. Toa msimamo, sababu, mfano wa hapa hapa Kariakoo ukitaka, kisha taja upande wa pili. Ukihitaji kufikiri, fikiri kwa Kiingereza cha kusikika: "I've never thought about that, but…" Kusita kwa sababu unatafuta wazo huvumilika zaidi kuliko kusita kwa sababu unatafuta neno, na mtahini mzoefu anazitofautisha.

Majibu ya kukariri yasikudanganye. Yanasikika mara moja: kasi inaongezeka, macho yanapanda darini, na msamiati unakuwa wa mtu mwingine. Mtahini atabadilisha swali, na utabaki na Kiingereza chako halisi, kikiwa kimepoa.

Nyaraka zishughulikie mapema kuliko unavyodhani. Mlangoni utaonyesha kitambulisho kilekile ulichojiandikishia, na kwa wengi hicho ni pasipoti, yenyewe, si nakala wala picha kwenye simu. Pasipoti iwe haijaisha muda. Jina lifanane herufi kwa herufi: kama pasipoti inasema Mohamed na ulijaza Mohammed kwa sababu ndivyo cheti cha shule kinavyosema, andikia kituo mara moja, usisubiri siku yenyewe. Ukiwa bado huna pasipoti, usilipie mtihani kwanza; kurekebisha majina kati ya NIDA na cheti cha kuzaliwa kunaweza kula muda wote uliopanga kwa mazoezi.

Safari ijaribu wiki moja kabla, siku ileile ya wiki na saa ileile, kwa sababu foleni ya Jumamosi si ya Jumatatu. Anayetoka Kigamboni aamue mapema kama ni pantoni au daraja. Anayetoka Kimara na Mbezi, kama ni kati ya Machi na Mei, akumbuke kwamba mvua ya usiku mmoja inaweza kufunga Jangwani na mwendokasi ukasimama. Awe na njia ya pili na nauli ya bodaboda mfukoni. Lenga kufika nusu saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye barua wa kuripoti.

Usiku wa mwisho usijifunze neno jipya hata moja, maana ndilo litakalokujia vibaya. Asubuhi, zungumza Kiingereza kwa sauti walau dakika 20 kabla ya kuingia, hata kwa simu ukiwa njiani. Kinywa kilichoamka na "shikamoo" na kugombana na kondakta kinahitaji muda kugeuka, na usipokigeuza nje, dakika nzima ya kwanza ya sehemu ya kwanza itaisha kikigeuka ndani.

Ukiingia, simu iko nje na kinasa sauti kimewashwa. Utaulizwa jina lako kamili na upendavyo kuitwa, kisha kitambulisho. Ukitoka, usimuulize mtahini umefanyaje. Haruhusiwi kukwambia, na sura yake haimaanishi kitu.