Baa ya kona ya wanachuo Mwanza: kukaa, kuagiza na kulipa bila ugomvi

Ukishuka daladala Nyegezi Kona saa 11 jioni, ukakuta viti vya plastiki vimepangwa barazani, jiko la mkaa linafuka pembeni na vijana wenye mabegi mgongoni wamebanana kwenye meza moja yenye bia nne na soda mbili, umefika. Hao wengi ni wa SAUT, chuo kilichoko Malimbe, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Baa za namna hii utazikuta pia chini ya mlima wa Bugando, Mkuyuni, Kirumba na kila penye hosteli za kupanga. Zinafanana kuliko majina yake yanavyodai.

La kujua kabla hujavuta kiti ni kwamba baa ya kona kwa kawaida si biashara moja. Ni tatu chini ya paa moja. Kaunta ni ya mwenye baa. Jiko ni la mtu mwingine aliyepangishwa ile pembe. Meza ya pool nayo mara nyingi ina mwenyewe, anayepita kufungua kisanduku cha sarafu. Katikati yupo mhudumu, na ugomvi mwingi wa usiku huzaliwa na mteja asiyejua anadaiwa na nani.

Mhudumu akichukua bia kaunta, huandikiwa yeye. Kaunta haikujui wewe, inamjua yeye. Ukiondoka bila kulipa, au ukimlipa mwenzake aliyepita na sinia, yeye ndiye atakayekatwa pesa usiku ule. Kwa hiyo ukikaa tu, muulize jina aliyekuhudumia kwanza, na kila kitu cha kaunta kipitie kwake mpaka unaondoka. Akibadilishana zamu na mwenzake, lipeni kwanza, kisha muanze hesabu mpya. Mwite "dada" au "mama" kwa umri wake. Kumpigia mluzi, au kugonga chupa kwa kifungulio, watu wanafanya, na watu haohao ndio wanaosubiri bia dakika 20. Ukikuta wahudumu ni wenyeji watu wazima, "Mwadila" ya jioni kwa Kisukuma inafungua milango ambayo "mambo" haiifungui.

Mahali pa kukaa pana hesabu yake. Mchana na alasiri upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku nchi ikishapoa hugeuka ukaelekea ziwani. Meza isiyopata moshi wa jiko saa 10 jioni inaweza kuwa ndani ya moshi saa 3 usiku. Kaa ubavuni mwa jiko, usikae mbele yake wala nyuma yake. Usikae pia chini ya taa kali: siku wadudu wa ziwani wakipanda kwa makundi, hukimbilia mwanga na kuishia kwenye glasi. Ndiyo maana wazoefu hurudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa kila baada ya funda.

Sasa agiza, na uanze na chakula. Wageni wengi hukosea hapa: wanaagiza bia, wanamaliza mbili, ndipo wanakumbuka njaa. Nyama ya kuchoma kutoka mbichi inataka dakika 40 hadi saa nzima, na muda huo wote utakuwa unakunywa tumbo likiwa tupu. Nenda mwenyewe jikoni. Usimtume mhudumu, kwa sababu jikoni unachagua kipande. Onyesha unachotaka, kipimwe mbele yako, taja kilo, na ukubaliane bei kabla hakijagusa moto. Kipimo ni cha nyama mbichi. Nusu kilo ikiiva hupungua sana, karibu theluthi, kwa maji na mafuta yanayoungulia kwenye mkaa, hujaibiwa. Mfupa nao uko kwenye uzito, kwa hiyo robo kilo ya mbavu ni chakula cha kuonja tu. Watu wanne walio na njaa wachukue kilo moja na ndizi za kuchoma au ugali. Kachumbari, pilipili na ndimu kwa kawaida huja bure, lakini uliza, maana ndizi hazimo.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hupikwa upande wake na vyombo vyake. Kama mezani yupo Mwislamu, muulize kabla sinia halijatua katikati, na usichanganye sahani. Sato huuzwa kwa ukubwa, si kwa kilo: mtazame macho na matamvua akiwa mbichi, maana mji wenye soko la samaki la Mwaloni hauna sababu ya kukulisha samaki wa juzi. Mfuko ukiwa mwembamba, zege, yaani chipsi mayai, linamaliza kazi kwa robo ya gharama, na hakuna atakayekucheka katika baa ya wanachuo.

Jiko ulilipe jikoni. Ukimpa mhudumu pesa ya nyama ikaja hadithi, mchomaji hahusiki.

Kwenye bia swali la kwanza utakaloulizwa ni "baridi au ya moto?" Ya moto haikupashwa, ni ile tu ambayo haikuingia kwenye friji. Usiposema, utaletewa yoyote. Umeme ukikatika, za baridi huisha ndani ya saa moja au mbili, na fundi wa kaunta ataziokoa chache kwa wateja wake wa kila siku. Ikija imeganda, usiifungue kwa haraka: povu lote litamwagika mezani na utabaki na nusu chupa. Iache isimame dakika 10.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Sharti hili si la ubishi, na mhudumu mzuri hulifanya bila kuombwa: anakuonyesha chupa, anafungua, anafuta mdomo kwa tishu. Ikija imeshafunguliwa, irudishe kwa upole. Ukienda msalani, acha mtu kwenye kinywaji chako au kimalize kabisa kabla hujasimama.

Bia nyingi hapa ni chupa ya nusu lita, na nguvu zake hazilingani. Castle Lite ni asilimia 4, Kilimanjaro 4.5, Safari 5.5. Balimi, ambayo jina lake maana yake ni wakulima, ndiyo utakayoiona sana meza za watu wa Kanda ya Ziwa. Konyagi ni asilimia 35. Piga hesabu: Safari moja ina kama mililita 27 za pombe tupu, na chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 200 ina 70. Yaani kile kichupa unachokiona kidogo ni Safari mbili na nusu, na mtu hukimaliza kwa muda wa bia moja kwa sababu kimechanganywa na soda tamu. Wanaobebwa kwenda hosteli kwa bajaji mara nyingi si wa bia.

Pombe kali iangalie kizibo na stempu ya kodi ya TRA. Viroba, ile pombe ya pakiti za plastiki, vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017. Vikitolewa kwenye droo ya kaunta, jua unauziwa kitu kisicho na mwenyewe. Gongo ni kosa kisheria, na ubaya wake haupimwi kwa ulimi: ikiwa na methanoli inaweza kukupofusha. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa chochote cha kulevya, hata akiwa mwaka wa kwanza na kitambulisho cha chuo. Soda na malta zipo, na asiyekunywa anakaa meza ileile bila maswali.

Bili huhesabiwa kwa chupa tupu. Ndiyo sababu mhudumu haziondoi mezani, na ndiyo sababu usimruhusu jirani aegeshe zake kwenu. Njia salama zaidi ni kulipa kila raundi inapofika. Mkizungusha, kila mtu anunue zamu yake na alipe palepale. Mkingoja mwisho, aliyekunywa soda mbili ataambiwa mgawane sawa. Beba noti za 1,000 na 2,000. Ukitoa noti ya 10,000 kwa bia moja utaambiwa "chenji inakuja", na kelele zikipanda inasahaulika na nyote wawili. Ukilipa kwa simu, lipa namba ya kaunta iliyobandikwa ukutani, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, kisha muonyeshe mhudumu ujumbe ili afutiwe deni lake. Mkopo usiombe, kibao cha "leo pesa, kesho mkopo" hakikuwekwa kwa mapambo.

Bajeti ya mwanachuo ni rahisi kuivunja. Posho ya chakula na malazi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Bia tatu na robo kilo ya nyama zinaimaliza. Wiki bumu, yaani pesa ya mkopo, linapotoka viti havitoshi na muziki hauwaachi msikilizane. Ukitaka kuongea na watu, nenda Jumanne au Jumatano.

Bia ikiletwa na maneno "umetumiwa na kaka wa meza ile", una nafasi moja ya kukataa: kabla ya kizibo kutoka. Sema "mrudishie kaunta, mwambie ahsante". Ikishafunguliwa ni yako, na aliyetuma anaweza kuja kukaa nayo.

Kwenye pool, weka sarafu yako ukingoni mwa meza, hiyo ndiyo foleni. Anayeshinda anabaki, anayeingia ndiye anayelipa. Uliza kanuni za pale kabla ya kuvunja, hasa kama mpira mweusi unatajiwa tundu.

Chupa usiondoke nayo. Ni ya kurudishwa kiwandani, na mwenye baa hudaiwa kila moja. Ukitaka kunywea nyumbani utaweka pesa ya chupa au utaacha tupu yako.

Usiku wa mechi za Ulaya za katikati ya wiki hesabu vizuri: nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, kutegemea majira yao, na zikiisha daladala za kuelekea Nyegezi na Buhongwa zimeshaadimika. Chukua namba ya bodaboda mnayemfahamu mapema, akiwa bado hajanywa, mkubaliane bei kabla hujapanda, na kofia yake ya pili iwe ipo.