Kamua mboga kabla ya kutia unga

Wanaokaanga bajia za kabichi na karoti zikatoka laini, zimelewa mafuta: msilaumu sufuria. Kwaruza mboga, nyunyiza kijiko kidogo cha chumvi, acha dakika 10, halafu kamua kwa mkono kiganja kwa kiganja. Nusu kabichi ndogo jana imenitolea karibu kikombe cha chai kizima cha maji, nami miaka yote nilikuwa nayaacha humo humo! Chumvi huyavuta nje. Yakibaki, yanatoka baadaye ndani ya rojo, unaongeza unga, bajia inakuwa zito kama mandazi yaliyolala. Rojo lenyewe likoroge kwa hayo hayo maji uliyokamua, kidogo kidogo, na usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Unga wa dengu ndio mzuri. Wa ngano unafaa ukikosa.

Mchicha, dodo kama tunavyouita hapa Kampala, haukubali mtindo huu: majani yanalegea na kuwa donge. Huo ukate mwembamba, ukaushe kwa kitambaa, basi. Mimi wangu uko kwenye gunia nyuma ya jiko. Nachuma ncha tu, sing'oi shina, unachipua pembeni.

Ukishachanganya, kaanga papo hapo. Rojo likikaa nusu saa maji yanarudi na kazi yote imeharibika. Na maji ya chumvi yakizidi usiyamwage kwenye gunia, mboga zitakauka.