Virusi vimefubaa, sasa tuangalie presha, sukari na moyo: fanya hivi

Mimi ni nesi, nipo CTC, yani kliniki ya watu wanaoishi na VVU, na kinachoniuma siku hizi sio virusi tena. Watu wanameza dawa vizuri, majibu ya wingi wa virusi yanakuja chini ya 50, mtu anafurahi na ana haki ya kufurahi, alafu huyo huyo anaanguka kiharusi kwa presha ambayo hakuna aliyeipima mwaka mzima. Ukishakuwa imara unapewa dawa za miezi 6, yani kliniki unakuja mara 2 kwa mwaka, unachukua kopo zako unawahi kazini. Na VVU hata vikifubaa bado mwili unabaki na kauvimbe ka ndani kwa ndani usikokaona, kanachubua mishipa ya damu taratibu, ndo mana hatari ya ugonjwa wa moyo kwa anayeishi na VVU ni takriban mara 2 ya asiye navyo.

Hatua ya 1: Siku ya dawa usitoke bila kupimwa presha, uzito na kiuno

Presha ndo inakosewa sana kupimwa kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Nenda chooni kwanza, mkojo ukijaa presha inapanda. Nusu saa kabla hamna kahawa wala sigara. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini usiipandanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na vua koti au pandisha mkono wa gauni mana kufunga mkanda juu ya nguo sio kupima. Kama una mkono mnene omba mkanda mkubwa, ule mdogo utakupandishia namba bure. Usiongee mashine ikiwa inafanya kazi, na usione aibu kumwambia mhudumu "naomba tupime mara ya pili". Ikifika 140/90 au zaidi, na siku nyingine ikarudi hivyo hivyo, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kama kichwa hakikuumi.

Kiuno tumia futi ya fundi cherehani, pitisha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, soma. Mwanamke kuanzia sm 80, mwanaume kuanzia sm 94, mafuta ya tumbo yameshaanza kuwa hatari. Andika namba zote nyuma ya daftari lako na tarehe.

Hatua ya 2: Sukari na mafuta ya damu, angalau mara 1 kwa mwaka

Nenda asubuhi hujala, angalau masaa 8. Sukari ya 7.0 (mmol/L) kwenda juu ikirudiwa siku nyingine ikawa vile vile ni kisukari, na 6.1 hadi 6.9 unakaribia, hapo ndo pazuri pa kuwahi. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 (HbA1c) wakati mwingine kinasoma chini kwa watu wanaotumia ARV (dawa za VVU), hasa zenye AZT au abakavia, kwa hiyo mi nakiamini zaidi cha asubuhi.

Hatua ya 3: Beba dawa zako ZOTE uzimwage mezani kwa daktari

Hapa pana hatari ya kweli jamani. Wengi mko kwenye TLD, kile kidonge kimoja chenye ARV 3 ndani, na ile dolutegravia iliyomo ndani inapandisha kiwango cha metformini, dawa ya kisukari, kwenye damu, kwa hiyo kama una kisukari metformini kwa kawaida isizidi miligramu 1000 kwa siku. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini vinazuia TLD isifyonzwe, meza TLD masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) na vya kalsiamu navyo ni hivyo hivyo, ila hivi ukivimeza pamoja na TLD na chakula sio shida. Walio kwenye dawa za mstari wa pili (zile za baada ya dawa za kwanza kushindwa) zenye ritonavia: simvastatini ya kushusha mafuta ya damu HAPANA kabisa, na amlodipini ya presha inapata nguvu zaidi kwahiyo daktari lazima ajue. Ukienda hospitali ya pembeni kwa ajili ya presha ukaficha ARV, daktari anakuandikia gizani.

Hatua ya 4: Umenenepa? Usiache dawa

Ni kweli dolutegravia inawaongezea watu uzito, akina mama zaidi, utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha hivyo. Ila dada zangu, kuacha ndo kunaua. Utafiti wa SMART wa 2006 uliwaangalia waliosimamisha ARV na kuzianza tena, wakapata vifo na magonjwa ya moyo zaidi ya walioendelea kumeza. Njoo tuongee.

Anza na chai, vijiko 3 vya sukari na maandazi 4 kila asubuhi ni mzigo. Ugali punguza, mchicha na maharage ongeza. Chumvi isizidi kijiko 1 cha chai kwa siku nzima pamoja na ile ya kwenye mboga na kwenye viungo vya dukani. Tembea haraka haraka nusu saa siku 5 za wiki. Sigara acha, hapo sina mjadala.

Hatua ya 5: Ukifika miaka 40 uliza kuhusu statini (dawa za kushusha mafuta ya damu)

Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, watu 7,769 wanaoishi na VVU nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha pitavastatini, aina mojawapo ya statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa 35% hata kwa wenye hatari ndogo hadi ya wastani. Pitavastatini yenyewe ni ngumu kuipata, ila muulize daktari wako statini ipi inakufaa na ARV zako.

Na hizi dalili hazisubiri tarehe ya kliniki: kifua kubana kama kimekandamizwa na maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, mdomo kupinda, mkono kulegea ghafla, ulimi kuwa mzito, au presha 180/120 pamoja na kichwa kuuma vibaya au macho kuona ukungu. Amsha mtu, tafuta usafiri hata usiku wa manane, nenda na daftari lako na kopo za dawa.